Inchi Ishirini na Tisa

Televisheni ya Gosbert ilikuja kwa mkokoteni hadi pale barabara inapoishia. Kuanzia hapo, kwa kuwa nyumba za mlimani Ilemela zimekaa juu ya mawe na njia zake hata mbuzi huzifikiria mara mbili, ilibebwa na wanaume wanne waliosimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Inchi ishirini na tisa. Gosbert alitangulia mbele yao akienda kinyumenyume, mikono hewani, akiwaambia polepole jamani, polepole, na watu wakatoka vibarazani kutazama. Anayetaka kununua kitu kimyakimya asijenge mlimani.

Alikuwa na haki ya kufurahi, tusimwonee. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipopata mwekezaji, mwekezaji akaona makarani ni wengi. Wakapewa barua na kiinua mgongo. Wenzake wengine walinunua mashine za kusaga, wengine nyavu, mmoja akaongeza mke. Gosbert aliezeka nyumba upya, akalipa ada ya Winnie, binti yake wa mwisho, na kilichobaki akaenda nacho mjini peke yake siku ya Jumamosi, akarudi na risiti. Leonsia, mkewe, aliisoma ile risiti mara mbili, akaikunja, akamrudishia. Mwanamume aliyetoka kuachishwa kazi humwambii kila neno linalokujia.

"Subiri uone," Gosbert alimwambia. "Pale dukani waliniwashia samaki. Samaki wa rangi, wanaogelea. Mama Winnie, unahesabu magamba. Taarifa ya habari utahesabu kope za msomaji."

Mlimani kuna adabu moja ambayo hata mhamiaji huifahamu mapema: jirani akipata kitu, iwe ndoo, iwe mtoto, unakwenda kumpongeza, na ukifika huko hutaji kasoro. Kasoro ataziona mwenyewe. Jioni ile sebule ya Gosbert ilijaa kabla ya saa mbili. Mzee Malimi, mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, ya Mtakatifu Ana, alipewa kiti cha mbele. Bernadeta, fundi cherehani kama Leonsia, rafiki yake na mshindani wake, alikaa kwenye mkono wa kochi. Bibi Kija, mjane wa nyumba ya chini, alikataa kiti akakaa mkekani, miguu ameinyoosha. Wengine walisimama mlangoni wakichungulia juu ya vichwa vya wenzao.

Gosbert akabonyeza. Sauti ilitangulia, nzito, nzuri kweli, halafu msoma habari akatokea, mkubwa kuliko mtu wa kawaida.

Leonsia akatazama. Akapepesa macho, akatazama tena. Yule msomaji hakuwa na macho. Palipopaswa kuwa na macho palikuwa na madoa mawili ya giza, mdomo ulikuwa ukicheza bila kingo, tai ilikuwa imeyeyukia kwenye koti, na uso mzima ulikuwa kama uji uliozidi maji. Maandishi ya chini yalipita na hakuna hata neno moja aliloweza kulishika.

Mzee Malimi akakohoa.

"Hongera sana, Gosbert," alisema. "Hii sasa ndiyo picha."

"Utadhani yumo humu ndani," Bernadeta akaongeza.

"Safi kabisa," wa mlangoni wakaitikia.

Gosbert hakuwatazama hao. Alimgeukia mkewe. "Mama Winnie, unaonaje?"

Leonsia akahesabu vichwa. Watu kumi na tano wanaona, yeye haoni. "Kope," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Naona hadi kope zake."

Watu wakacheka kwa furaha, Gosbert naye akacheka, na Winnie akaleta chai.


Ukitaka kujua ilikuwaje mwanamke mwenye akili zake akaamini kwamba macho yake yanakufa, asiamini kwamba televisheni mpya ina picha mbovu, usimcheke kwanza. Sindano ilikuwa imeanza kumkataa tangu Krismasi. Ni Winnie aliyemtungia uzi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, sindano sita, akazichomeka kwenye kipande cha sponji juu ya cherehani, na zikiisha kabla ya saa tisa Leonsia alikaa akimsubiri. Ile televisheni yao ya zamani, ndogo, isiyo na rangi, alikuwa akiisikiliza tu huku anashona, kwa hiyo hakuwa na kipimo cha jana na juzi. Na tena kulikuwa na mama yake. Mama yake, kule kwao Kamachumu, alianza hivihivi, kwanza sindano, kisha nyuso za watu, na alikufa akiwatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa.

Basi kila jioni saa mbili alijipima. Majirani wachache waliendelea kuja kutazama na kupewa chai, bibi Kija hakukosa. Alikaa mbali, akaona ukungu. Akajifanya anaokota kitu, akasogea karibu, ukungu ukakatika vipandevipande. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Gosbert alikuwa amekaa pembeni yake, mikono magotini, akiitazama ile picha bila kusema neno, na Leonsia aliudhani ukimya ule kuwa ni wa mtu aliyeridhika. Alimwonea wivu.

Hapo mezani kwake palikuwa na kazi ya mwaka. Mitumba ilikuwa imewamaliza mafundi wa Mwanza. Kwa bei ya kushonesha sketi moja mtu aliokota tatu za Ulaya sokoni, tena zenye zipu. Lakini magauni meupe ya Komunyo ya Kwanza, ya mtindo mmoja na urefu wa kuamriwa, hayo hukuyapata kwenye rundo la mtumba. Sista Prudencia wa parokiani alikuwa amempa Leonsia kitambaa cha magauni arobaini. Gosbert hana mshahara tena. Magauni yale ndiyo yalikuwa unga wa nyumba mpaka Julai, na ada ya Winnie ya muhula unaofuata.

Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Gauni la tatu alilipinda pindo, akalishika dirishani, akaliona liko sawa. Halafu akajiuliza: nimeliona mimi, au nimeona ninachotaka kuona? Mtu anayeona kope mahali pasipo na kope anaweza kuona na pindo lililonyooka. Akalifumua. Akalipinda upya, akalifumua tena, hadi kitambaa kikaanza kuonyesha matundu ya sindano. Wiki ya tatu akafunga kitambaa chote kwenye shuka, akakipandisha parokiani kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Umemaliza? Mbona mapema?"

"Nimekirudisha." Leonsia aliliweka furushi mezani, akabaki amelishika. "Macho yangu yamekwisha, Sista. Siku ya watoto wa watu nisije nikawavika mapindo yaliyopinda."

Sista Prudencia aliifungua ncha ya shuka, akachungulia. Alikuwa Mhaya mwenzake, na walizoea kuzungumza mengi. "Umekwenda hospitali?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Mama alikwenda, wakamwambia amechelewa. Nikienda wakaniambia hivyo nitarudi nyumbani nikiwa kipofu. Sasa hivi bado ni mgonjwa tu."

"Hiyo si akili, Ma Leonsia," Sista alisema, lakini kwa upole. "Utakwenda Jumatatu. Nitakuandikia barua. Na hivi vitambaa siwezi kuvikalisha, Komunyo ni wiki tano zijazo. Nitampa Bernadeta."

"Mpe," Leonsia alisema. "Bernadeta ana mkono mzuri." Akashuka mlima wa kanisa akiwa hana kitu kichwani, na shingo ilimwuma kuliko alipokuwa amebeba.

Nyumbani alimwambia Gosbert kwamba macho yanamsumbua kwenye sindano na kazi amemwachia mwenzake. Habari ya televisheni hakuigusa. Angeianzaje, naye ndiye aliyeona kope? Gosbert akasema pole, akatoka kwenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Alikaa huko mpaka akaanza kuumwa na mbu.


Habari ya fundi asiyeona haihitaji redio. Jumamosi alikuja mke wa Shigela, mwenye duka la mchele, kuchukua kitambaa chake cha kitenge alichokileta mwezi uliopita.

"Nataka tu nikakishoneshe harakaharaka, kuna sherehe," alisema. Alisema kwa sauti ya juu, polepole, kama watu wanavyosema na kiziwi.

"Nimeshakikata," Leonsia akamwambia. "Bado kuunga."

"Haidhuru, hata hivyo hivyo." Mama Shigela akakikusanya, akakihesabu vipande, akavitia mfukoni. Leonsia alipoinuka kumsindikiza, yule mama akamshika mkono pale kizingitini, kizingiti chake mwenyewe alichokiruka kwa miaka kumi na minane, akamwambia, "Taratibu mama, kuna ngazi hapo."

Leonsia alimwacha amshike. Angeuchomoa mkono wake, ingekuwaje? Wangesema na hasira pia zimemwingia. Kufikia Jumapili wateja saba walikuwa wamechukua vitambaa vyao, na aliyebaki alikuwa ni mmoja aliyesafiri.


Kwenye chumba cha macho hospitalini alikuwepo mganga mmoja kijana, Venant, mkavu wa maneno, ambaye alisoma barua ya Sista, akaiweka chini ya daftari.

"Tangu lini huoni?"

"Tangu mwezi uliopita, tarehe nne."

Akanyanyua kichwa. "Tarehe unaikumbuka?"

"Ndiyo siku tuliyoleta televisheni."

Venant aliiandika tarehe daftarini. Alimkalisha, akamwonyesha ubao wa herufi upande wa pili wa chumba, kubwa juu, zikipungua kushuka chini. Leonsia akazisoma. Akafunikwa jicho la kulia, akazisoma. Akafunikwa la kushoto, akazisoma mpaka mstari wa mwisho, na herufi moja aliyosita ilikuwa imefutika kweli ubaoni. Kijana akamulika kwa tochi yake ndani ya jicho, akamulika la pili. Kisha akampa kitabu. Leonsia akakisogeza mbali kwa urefu wa mkono.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Arobaini na saba."

"Basi ni umri. Mkono wako ndio umekuwa mfupi. Utanunua miwani ya kusomea na kutungia sindano, na utashona hadi uchoke. Ugonjwa aliokuwa nao mama yako, Sista ameutaja kwenye barua, nimeutafuta, sijauona."

"Na mbali?"

"Mbali unaona kuliko mimi."

"Hapana," Leonsia alisema, karibu amgombeze. "Kwenye televisheni sioni. Inchi ishirini na tisa, nimekaa hatua nne, mtu hana macho. Sioni hata maandishi."

"Wenzako wanaona?"

"Wote. Siku ya kwanza walikuwa watu kumi na tano."

"Ulijuaje kuwa wanaona?"

"Walisema picha safi."

Venant alikuwa akiandika. Akasimamisha kalamu. "Na wewe ulisemaje?"

Leonsia aliinamisha kichwa. Alitazama mikono yake, na vidole vyenye alama za sindano vilikuwa wazi kabisa mbele yake, kila kovu mahali pake. Nje ya dirisha mtu alikuwa anavuka uwanja wa hospitali na ndoo nyekundu. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kamba ile aliiona vizuri.


Jioni ile Gosbert alikuwa bado hajarudi kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani. Leonsia akaivuta ile televisheni ndogo kutoka mvunguni mwa kitanda, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akaipandisha kwenye stuli kando ya kubwa. Akauchomoa waya wa antena nyuma ya kubwa, akauchomeka kwenye ndogo. Winnie alisimama mlangoni na kisu cha ndizi mkononi.

Saa mbili. Msoma habari akatokea, mdogo, mweusi na mweupe, hana rangi hata tone. Alikuwa na macho. Alikuwa na mkunjo katikati ya nyusi, na kalamu mfukoni, na tai yenye mistari. Maandishi yalipita chini yake na Leonsia akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka sauti ikamkatika. Akauhamishia waya kwenye kubwa: uji. Akaurudisha kwenye ndogo: mtu.

"Na wewe uliuona huu uji?" alimwuliza Winnie bila kugeuka.

"Niliuona, mama."

"Mbona hukusema?"

"Baba alikuwa na furaha siku ile," Winnie alisema. "Hakuwa amecheka tangu barua ya kiwandani."

Gosbert aliingia akazikuta zote mbili zimepangwa, na mkewe amekaa sakafuni katikati yake, waya mkononi. Hakuuliza kinachofanyika. Alivua kofia, akakaa.

"Ulijua," Leonsia alisema.

"Nilijua siku ileile. Kesho yake nikarudi dukani, nikadhani wamenipa mbovu. Fundi wao akanieleza taratibu, kama mtoto. Akasema, mzee, televisheni haina kosa. Pale tunaweka kanda safi kutoka nje, ndiyo maana uliona samaki. Haya mawimbi ya kwetu yanafika huku yamechoka. Kwenye kioo kidogo uchovu hauonekani. Ukikuza picha, unakuza na uchovu wake." Alicheka kidogo, bila raha. "Nikamwuliza, watarekebisha lini? Akasema hilo waulizwe wenye mawimbi."

"Ukarudi ukakaa hapa kila jioni, ukaitazama."

"Ningefanya nini? Ndiyo miaka ishirini na miwili yangu ile pale."

"Mimi ungeniambia."

"Wewe?" Gosbert akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si ulisema unaona kope? Mbele ya watu. Nikajua umeniona nimeaibika, ukanifunika. Mama Winnie, nilikushukuru moyoni. Nikasema, mke wangu ni mke."

Leonsia alitamani iwe hivyo. Ingekuwa hadithi nzuri ya ndoa. "Sikukufunika," alisema. "Niliogopa. Niliona uji, nikadhani ninyi mnaona mtu. Nimerudisha magauni kwa sababu ya hiki kioo, Baba Winnie. Nimeshikwa mkono kwenye mlango wangu."

Ilichukua muda neno hilo kumfikia. Lilipomfikia aliinama, kiganja juu ya uso, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Leonsia akaona mabega yake yakitikisika. Moyo ulimwuma kwa ajili yake, na ulimwuma kwa ajili yake mwenyewe, na hakujua aanze na upi.

"Alhamisi jumuiya iko hapa kwetu," Gosbert alisema mwishowe. "Waambie umekwenda hospitali, umepewa dawa, umepona. Watamshukuru Mungu. Wateja watarudi. Kuna haja gani ya mengine?"

"Kwamba nimepona."

"Si ni kweli unaona? Utakuwa umesema uongo gani mkubwa?"

Leonsia alikaa akiufikiria. Tuseme ukweli, ulikuwa uongo mwepesi, wenye faida, na haukumwumiza mtu aliyemjua. Angepata wateja, mumewe angebaki na heshima yake, na kanisa lingepata muujiza. Akasema, "Haya."


Alhamisi saa kumi na moja jioni jumuiya ya Mtakatifu Ana ilikusanyika. Viti vilitosha wazee; wengine walikaa mkekani. Walisali rozari, wakasoma Injili, wakaitafakari kama wanavyoitafakari watu wenye njaa, kwa kifupi. Televisheni ilikuwa kwenye kona yake, imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha Leonsia. Kisha mzee Malimi akasimama kwa ajili ya matangazo.

"Kabla ya yote," alisema, "sote tunalijua jaribu lililomfika mama yetu Leonsia. Fundi ni macho. Viongozi tumekaa, tumeona tusiishie kwenye sala peke yake. Matibabu ya macho ni gharama, na mwenzetu Gosbert kazini ametoka. Tupitishe bakuli. Kila mmoja kwa alichonacho."

Hilo Leonsia hakuwa amelitarajia. Alimtazama mumewe upande wa pili wa sebule, naye alikuwa ameganda. Sasa ndio wakati wa kusema nimepona, alijiambia. Alifungua kinywa. Lakini Bernadeta alikuwa ameshalipokea bakuli, akaweka noti ambayo kila mtu aliijua imetoka kwenye magauni, akasema, bila kumtazama, "Hii ni yako hata hivyo." Leonsia akakifunga kinywa.

Bakuli likapita. Sarafu, noti za kukunjwa, sarafu. Likamfikia bibi Kija mkekani. Bibi Kija riziki yake ilikuwa kuchambua mchele wa wenye maduka, kutoa mawe na chuya, akilipwa kwa kilo. Aliivuta ncha ya kanga yake, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana, naye alilifungua kwa kupapasa, uso ameuelekeza pembeni, na watu wote wakasubiri. Alitoa sarafu tatu. Hakukuwa na nyingine.

"Usitoe, bibi," Gosbert alisema.

Alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na mikono hakujua pa kuiweka. "Msitoe. Rudisheni. Mke wangu anaona. Amepimwa Jumatatu, anaona kuliko sisi sote. Kisichoona ni hiki." Akaondoa kitambaa juu ya televisheni, akakitupa kando. "Hiki hapa. Nimekinunua kwa kiinua mgongo changu, na picha yake ni mbovu. Nilijua. Alitazama akaona ukungu, tukamwambia picha safi, akaamini amepofuka. Akaacha kazi. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naona aibu. Ndiyo habari yenyewe."

Mtu alikohoa mlangoni. Mzee Malimi alikaa taratibu. "Mimi nilidhani ni antena," alisema. "Nikasema wataigeuza."

"Hata mimi niliona ovyo," Bernadeta alisema kwa sauti ndogo. "Lakini ningesemaje? Nimekuja kupongeza. Na mwenye nyumba ameona kope."

Kukawa na minong'ono, na vicheko vya aibu, vya watu waliokamatwa pamoja. Leonsia alianza kuhisi kifua kinafunguka. Wateja watarudi, alifikiri. Bernadeta atanipa hata magauni kumi. Alimtazama Gosbert aliyesimama kando ya kile kioo kikubwa, mtu mzima asiye na mahali pa kujificha, na akampenda kama hakuwahi kumpenda kwa miaka mingi. Alikuwa karibu kuinuka amwendee.

"Kwa hiyo na mimi naona?"

Ni bibi Kija. Sarafu zilikuwa bado kiganjani, na alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumjibu.

"Vipi, bibi?" mzee Malimi aliuliza.

"Ile siku ya kwanza na mimi niliona ukungu. Nikasema, basi, Kija, zamu yako imefika. Kesho yake mchele nikamrudishia Shigela. Nisije nikawaachia watu mawe." Alisema bila hasira, kama anayeeleza njia. "Nimekaa tangu hapo nikingoja giza. Naamka kila siku nalingoja. Halikuja."

"Mwezi mzima, bibi? Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Akamgeukia Leonsia, na macho yake, mekundu kidogo, yalimtazama moja kwa moja. "Wewe binti yangu, macho yako nayo si ya msichana. Ulisema unaona kope. Nikajua ni mimi."

Leonsia alishuka kwenye kiti chake, akapiga magoti mkekani mbele ya bibi Kija, akamshika viganja vyote viwili na sarafu zake ndani. Alitaka kuomba radhi, lakini swali likamtoka kwanza.

"Umekuwa ukila nini, bibi?"

"Jioni nilikuwa nakuja hapa kutazama," alisema. "Mlikuwa mnatoa chai."